Maswali ya Wasomaji: Kuwa wa Kristo Mzima Mzima Ni Kuwaje?

Shalom wapendwa. Toleo lililopita tuligusia kidogo tu ule mstari wa 1 Wakorintho 6 unaosema "wala ninyi si mali yenu wenyewe, maana mlinunuliwa kwa thamani", tukasema Mkristo ni mtu wa Kristo mzima mzima, hakuna nusu. Meseji zilizokuja baada ya hapo zimenigusa sana, wengine wanauliza kwa kiu na wengine kwa maumivu kabisa. Nimechukua zile ninazoona zinawahusu wengi, majina nimeyaacha.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mwalimu. Mimi nimeokoka muda mrefu, naimba kwaya, nafunga, sadaka natoa. Lakini kila kukiwa na mkutano mhubiri akisema nani anataka kujitoa kwa Yesu kikamilifu mi naenda mbele, nalia, naombewa, narudi nyumbani mwepesi, afu baada ya wiki kadhaa niko palepale, hasira zilezile, usiku simu ileile na vitu vilevile nisivyotakiwa kuangalia. Nimechoka kwa kweli. Hivi kuwa wa Kristo mzima ni kufanya nini ambacho mi sijafanya?

JIBU: Amina ndugu yangu, na asante kwa kuandika bila kujificha, wengi wako hapo ulipo ila wanaogopa kusema.

Angalia kwanza swali lako lilivyokaa. Unauliza ufanye nini ambacho hujafanya, na mi naona shida yako inaanzia hapo hapo, maana umeshaamini moyoni kwamba kuna siku utalia vya kutosha na kujitoa vya kutosha ndipo Yesu akuhesabu kuwa wake. Paulo hakuanzia huko. Hakuwaambia Wakorintho jitahidini muwe mali ya Bwana, aliwaambia mlinunuliwa, yaani jambo limeshafanyika. Na hao Wakorintho wala usidhani walikuwa watu wa kupigiwa mfano, soma barua yenyewe uone: wanashitakiana mahakamani, wanagombania viongozi, kuna wanaokwenda kwa makahaba, kwenye meza ya Bwana mmoja ana njaa mwingine amelewa. Hao hao ndio anaowaambia ninyi sio mali yenu, mna mwenyewe.

Hebu nikueleze kitu kuhusu mazingira ya wakati ule. Korintho ni mji wa Ugiriki ambao Warumi waliujenga upya mwaka 44 kabla ya Kristo, na wengi waliopelekwa kuukalia walikuwa watu waliowahi kuwa watumwa wakaachwa huru, kwa hiyo habari za kununuliwa na bei ni vitu ambavyo waliosoma ile barua walivijua kwa kuviona, wengine kwenye koo zao wenyewe. Sasa ng'ambo ya ghuba, upande wa Delfi, palikuwa na hekalu la mungu wao aitwaye Apolo (sio yule Apolo mhubiri), na kwenye mawe ya pale kuna maandishi zaidi ya 1,000 yanayoeleza mtumwa anavyouzwa kwa huyo mungu ili awe huru. Bwana wake anakuja naye, bei inatajwa, mashahidi wanaandikwa majina, na kuanzia siku hiyo yule mtu anahesabiwa wa mungu, binadamu mwingine hana ruhusa ya kumkamata tena. Ila hela inatoka wapi? Kwa kawaida inatoka kwa mtumwa mwenyewe. Amedunduliza miaka na miaka, na yule mungu hajatoa hata senti, limetumika jina lake tu. Kama Paulo aliwaza habari za Delfi alipoandika au hapana, wasomi wanabishana mpaka leo na mi sitaki kuingia huko, lakini ukiweka mambo haya mawili pamoja utaona injili ilivyo tofauti kabisa, kwa sababu huku anayenunua ndiye aliyelipa. Petro anasema tulikombolewa si kwa fedha wala dhahabu bali kwa damu ya thamani, ya Kristo mwenyewe (1 Petro 1:18-19).

Wewe ndugu yangu umekuwa ukiishi kama wale wa Delfi. Unadunduliza. Kila mkutano unapeleka machozi na ahadi ukidhani siku moja bei itatimia. Acha hiyo, bei imeshalipwa na we hukuchangia chochote.

Najua kuna mtu akisoma hapa atasema basi kama nimeshanunuliwa naishi ninavyotaka. Sasa huyo arudi kwenye mstari aone umekaa wapi. Paulo hakuuandika akiwa anazungumzia nyimbo wala maombi, aliuandika akizungumzia mwili na uzinzi, kitanda kabisa, na hitimisho lake ni "mtukuzeni Mungu katika miili yenu". Tumezoea kumpa Yesu moyo, "moyo wangu ni wako Bwana", ni sawa, lakini Paulo anataja mwili, na kule Warumi 6:13 anashuka mpaka kwenye viungo, tuvitoe kwa Mungu viwe silaha za haki.

Kwa hiyo tuseme ni saa tano usiku, uko kitandani, simu mkononi, kidole kiko juu ya kioo. Wakati huo usijiulize nimejitoa kiasi gani, maana jibu litakukatisha tamaa na ukishakata tamaa utabonyeza. Jiulize hiki kidole ni cha nani. Macho haya ni ya nani. Mi huwa nawashauri watu waombe asubuhi kwa kuvitaja kabisa kimoja kimoja, Bwana macho haya ni yako, ulimi huu ni wako na saa nne nina kikao na yule mtu anayenipandisha hasira, mikono hii ni yako. Inaonekana kama maombi ya kitoto ila jaribu uone utakavyoyakumbuka baadaye katikati ya siku. Alafu hiyo simu ilale sebuleni na mwambie ndugu mmoja mkomavu unachopitia, hii dhambi inanenepa ikiwa gizani.

Na hiyo habari ya kwenda mbele kila mkutano, sikukatazi, kutubu ni kila siku. Ila usiende kana kwamba kila mara unaanza upya kuwa wake. Paulo akiwa amefungwa anawaandikia Wafilipi kwamba hajafika, hajawa mkamilifu, bado anakaza mwendo, "ili nipate kulishika lile ambalo kwa ajili yake nimeshikwa na Kristo Yesu" (Wafilipi 3:12). Ona mpangilio wake. Anakimbia kwa sababu ameshikwa. Wewe umekuwa unakimbia ili ushikwe ndo maana umechoka hivyo.

SWALI: Mwalimu mimi ni mhasibu kwenye kampuni fulani. Nina mzigo moyoni kwamba kama mi ni wa Kristo kweli basi niache kazi niingie kwenye huduma moja kwa moja. Mke wangu hataki kusikia. Afu sasa kazini bosi anataka nirekebishe namba kwenye ripoti zionekane nzuri, ndo nikaona labda Mungu ananiambia toka humo.

JIBU: Ndugu hapo umechanganya mambo mawili, tuyatenganishe.

La kwanza ni huduma. Nenda Marko 5. Yule mtu aliyekuwa anaishi makaburini, anapiga kelele usiku na mchana na kujikatakata kwa mawe, sasa ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Watu wa mji wanakuja wanaogopa, wanamsihi Yesu aondoke kwao, na Yesu anaondoka. Anapanda chomboni. Na huyu aliyeponywa anamsihi amchukue aende naye. Jamani, kuna ombi zuri kuliko hilo? Kuwa na Yesu, kuacha kila kitu, kumfuata. Na Yesu akamkatalia. Akamwambia nenda nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu, ukawaambie Bwana amekutendea nini. Waliotaka aondoke aliwakubalia, aliyetaka kwenda naye akakataliwa, na bado huyu ndiye aliyekuwa wake mzima mzima pale pwani.

Mathayo yeye aliambiwa nifuate akaiacha meza ya ushuru. Zakayo, naye mtoza ushuru, hatusomi popote kwamba aliambiwa aache, yeye alitoa nusu ya mali yake kwa maskini na aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Watoza ushuru walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa, na askari akawaambia wasidhulumu mtu na watosheke na mshahara wao (Luka 3:12-14). Kwenye salamu za Warumi 16 kuna Erasto, mtu wa ofisi ya mji kabisa, na Wafilipi 4:22 kuna watakatifu wa nyumbani mwa Kaisari, fikiria, kwa Kaisari. Kwa hiyo kuwa wa Kristo hakuna kazi moja inayokufanya uwe zaidi na mimi nasikitika sana tulivyofundishana makanisani kwamba mchungaji ni wa Mungu asilimia mia na mhasibu ni wa Mungu Jumapili.

La pili ni hizo namba. Hapo sasa, huo ndio mtihani wako wa kuwa wa Kristo na umekufuata mpaka mezani kwako, wewe unautafuta madhabahuni. Mwambie bosi kwa heshima, tena ikiwezekana kwa maandishi, kwamba hizo namba huwezi kuziweka kwa sababu si za kweli, na kama kuna njia halali ya kueleza hali ya kampuni uko tayari kumsaidia hata ukeshe. Weka nakala ya hayo mawasiliano. Inawezekana ukapoteza kazi, sitakudanganya. Lakini kupoteza kazi kwa kukataa uongo na kuacha kazi ili usije ukalazimika kumkatalia bosi ni mambo mawili, hilo la pili ni kukimbia hata kama tumelivika jina la wito. Ukishasimama hapo ndipo ukae na mke wako mzungumze habari ya huduma, na umsikilize kweli kweli maana na yeye ana Roho wa Mungu.

SWALI: Naomba ushauri, nina uchungu. Mume wangu tangu aguswe na mahubiri ya kujitoa kabisa, mshahara wote unaenda kwenye huduma. Ada za watoto hazijalipwa, mama yake mzazi ni mgonjwa dawa hana, tunaishi kwa kukopa. Nikisema neno ananiambia nina roho ya Yezebeli, yule malkia mwovu wa kwenye Biblia, namzuia asiwe wa Kristo.

JIBU: Pole sana dada yangu, na huna roho ya Yezebeli.

Jambo hili Yesu alilikuta na alilikemea kwa ukali. Marko 7 anawaambia Mafarisayo mna namna nzuri sana ya kuikataa amri ya Mungu, maana mtu alikuwa akishasema hiki ni Korbani, yaani nimekiweka wakfu kwa Mungu, basi hawajibiki tena kuwasaidia baba yake na mama yake. Kwa macho ya watu huyo amemtolea Mungu. Yesu akasema mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Na Paulo kwenye 1 Timotheo 5:8 anasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani na ni mbaya kuliko asiyeamini. Ameikana imani! Sijui mstari gani mwingine wa pesa kwenye Biblia ulio mkali hivyo na ni nadra kuusikia wakati wa matoleo.

Mwombe mume wako msome pamoja Yohana 19:26-27, wakati ametulia, sio siku mmegombana. Hakuna aliyewahi kujitoa kuliko Yesu pale msalabani, na katikati ya kujitoa huko, misumari mikononi, anamwangalia mama yake na kumkabidhi kwa mwanafunzi amtunze. Hakusema mimi sasa ni wa Baba, mambo ya mama si yangu tena. Pesa ikienda kwenye dawa za mama mkwe wako imeenda kwa Kristo na mumeo anahitaji kuliona hilo. Akikataa kabisa tafuteni mzee wa kanisa mwenye busara ambaye hafaidiki na hayo matoleo awakalishe wote wawili.

SWALI: Shalom. Niko kwenye huduma moja, baba yetu wa kiroho anafundisha kwamba yeye ndiye aliyetuzaa kwa hiyo kumtii yeye bila kuuliza ndio kuwa wa Kristo. Nina mchumba ameniambia nimwache, sababu hajasema. Juzi ameomba pasiwedi ya simu yangu eti anilinde. Nikiondoka anasema nitakuwa nimetoka kwenye mkono wa Mungu. Naogopa sana.

JIBU: Mwanangu, usimpe hiyo pasiwedi. Nianze na hilo.

Kuwa mali ya Kristo kuna upande ambao hatuuhubiri inavyotakiwa: ukiwa na mwenyewe mmoja, wengine wote wanaojifanya wenye mali wanakosa haki juu yako. Neno hilo hilo la kununuliwa kwa thamani Paulo analirudia kwenye sura inayofuata, 1 Wakorintho 7:23, na safari hii anamalizia "msiwe watumwa wa wanadamu". Yaani sababu ileile inayokukataza uzinzi ndiyo inayokukataza kumilikiwa na mtu.

Na tazama Paulo mwenyewe alivyoishi na watu wake. Wakorintho alikuwa na haki ya kuwaita watoto wake, alisema kabisa kwamba aliwazaa katika Kristo kwa njia ya Injili, wahubiri wengi wanapenda huo mstari. Lakini walipoanza kusema mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo, mimi ni wa Kefa (yaani Petro), hakufurahi kwamba kuna kundi lake, alishtuka. Akawauliza, "Je! Paulo alisulibiwa kwa ajili yenu? Au mlibatizwa kwa jina la Paulo?" Hilo swali ndilo la kumpima mtumishi yeyote anayedai umilele wako uko mkononi mwake. Alisulibiwa kwa ajili yako? Kama jibu ni hapana basi hawezi kuwa na mamlaka ya aliyesulibiwa. Kwenye barua ya pili anaongeza kwamba yeye na wenzake hawatawali imani yao ila ni wasaidizi wa furaha yao (2 Wakorintho 1:24), na Petro naye anawakataza wazee wasijifanye mabwana juu ya kundi bali wawe vielelezo.

Najua atakusomea Waebrania 13:17, watiini wenye kuwaongoza. Ni neno la Mungu na mi nalishika, kanisa bila uongozi ni vurugu tu. Lakini mstari huo huo unasema viongozi watatoa hesabu, maana yake kundi lina mwenyewe anayeidai hiyo hesabu. Kiongozi mzuri anaweza kukushauri hata kuhusu mchumba, na akiona hatari anakwambia ni hatari gani na unabaki huru kupima. Anayesema mwache na sababu hakupi, kisha anataka kusoma meseji zako, huyo hachungi.

Unaogopa utatoka kwenye mkono wa Mungu. Yohana 10:28 Yesu anasema hakuna mtu atakayewapokonya katika mkono wake, na baba yako wa kiroho ni mtu, naye yuko humo kwenye neno "mtu". Zungumza na wazazi wako au watu wazima unaowaamini nje ya hiyo huduma, tena kabla ya kwenda kumuaga, na usiende kumuaga peke yako. Tafuta kanisa ambalo watu wanaruhusiwa kuuliza.

SWALI: Mi sihisi kitu chochote nikiomba, miezi mingi sasa. Je bado ni wa Kristo?

JIBU: Ndio, kama umemwamini. Hisia zinakuja na kuondoka, usingizi mdogo tu unaziharibu. 2 Timotheo 2:19 inasema Bwana awajua walio wake, yeye anawajua, hata siku ambayo wenyewe hawajijui. Endelea kuomba hata kwa maneno machache, soma Zaburi 88 uone mtu aliyeomba mpaka mstari wa mwisho akiwa bado gizani na bado sala yake imewekwa kwenye Biblia. Na kama hata kula, kulala na kufanya kazi kumekuwa kugumu basi mwone na daktari, hiyo haipunguzi imani.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama mtu mzima. Nilikuwa kiongozi wa akina mama kanisani miaka mingi, nikiwaza mimi ni wa Yesu nawaza kazi ile. Sasa nimepooza upande mmoja, nalishwa, naogeshwa. Wanakuja kunitembelea lakini naona kama sina faida tena kwake.

JIBU: Shikamoo mama. Nimeusoma ujumbe wako mara nyingi.

Mwaka 1563 huko Ujerumani katika mji wa Heidelberg Wakristo waliandika mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, na katika maswali yote 129 la kwanza kabisa walilochagua ni hili, faraja yako ya pekee ni ipi katika kuishi na katika kufa. Na jibu linaanza kwamba mimi, mwili na roho, katika kuishi na katika kufa, si mali yangu bali ni mali ya Mwokozi wangu mwaminifu Yesu Kristo. Mama, angalia kwamba waliliita faraja. Sisi wenye nguvu tukisikia "wewe ni mali ya Kristo" tunasikia kazi, majukumu, ratiba. Lakini neno lenyewe liliwekwa kwa ajili ya mtu aliye kitandani pia, kwa sababu mali ni mali hata ikiwa haizalishi. Paulo anasema tukiishi twaishi kwa Bwana, tukifa twafa kwa Bwana, basi kama tukiishi au kama tukifa tu mali ya Bwana (Warumi 14:8), na mtu akifa hahudumu popote, hana kamati, na bado ni wake.

Upande wako uliopooza nao ni wa Kristo mama, sio ule unaosogea tu. Na ukiruhusu hao mabinti wakuogeshe bila kujiona mzigo unawapa nafasi ya kumhudumia yeye aliyesema nalikuwa mgonjwa mkaja kunitazama.

SWALI: Mimi niko chuo. Siku moja tumekaa wengi, wanawacheka Wakristo, jamaa mmoja akanigeukia akaniuliza kwani na we ni mlokole? Nikacheka nikasema mi siko huko. Tangu siku hiyo nashindwa kuomba. Yesu alisema atakayenikana mbele ya watu nami nitamkana. Mimi si wa kwake tena?

JIBU: Mdogo wangu, swali lako lilishalisumbua kanisa zima. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu katika dola ya Kirumi watoe dhabihu kwa miungu mbele ya maofisa na wapewe hati ya kuthibitisha. Hati zenyewe zimepatikana Misri, zaidi ya 40, unasoma jina la mtu, umri wake, wakati mwingine hata alama ya kovu alilonalo, kisha anaandika kwamba siku zote ametoa dhabihu na sasa mbele ya maofisa amemimina kinywaji cha sadaka na kuonja dhabihu. Wakristo wengi walikataa na wengine wakafa kwa hilo. Wengine walikwenda wakatoa dhabihu, na wengine wakahonga wapate hati bila kutoa. Mateso yalipopoa hao walioanguka wakaanza kurudi makanisani wakilia, tuwafanyeje? Kule Roma kasisi mmoja aitwaye Novatiano akasema hapana, kanisa halina ruhusa ya kuwapokea tena. Sipriani askofu wa Karthago, Afrika Kaskazini, pamoja na maaskofu wenzake mwaka 251 wakaamua wenye toba ya kweli wapokelewe, wapitie muda wa toba lakini mlango usifungwe. Na usidhani Sipriani alikuwa mtu wa kuchukulia mambo kirahisi, mwaka 258 alikatwa kichwa yeye mwenyewe kwa kukataa kuikana imani. Ndiye aliyesema wapokelewe.

Ile kauli ya Yesu ni ya kweli na ni nzito, mi siwezi kuipunguza. Lakini Petro aliisikia kwa masikio yake na usiku ule akamkana mara tatu, tena kwa kiapo, na aliyemwogopa wa kwanza alikuwa msichana wa kazi. Kabla hajaanguka Yesu alikuwa ameshamwambia "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike", na akamwambia akishaongoka awaimarishe ndugu zake. Alimwombea akiwa anajua kila kitu kitakachotokea. Baadaye kando ya ziwa, samaki wako juu ya makaa, hakumuuliza kwa nini ulinikana, alimuuliza mara tatu wanipenda, na kila jibu likafuatiwa na kazi, lisha wana-kondoo wangu, chunga kondoo zangu. Petro alihuzunika lile swali la tatu. Hata wewe itakuuma kidogo na ni sawa iume.

Kwa hiyo leo kabla hujalala piga magoti useme jambo lenyewe kama lilivyokuwa, Bwana niliulizwa nikakukana kwa sababu niliogopa kuchekwa. Usipambe. Halafu yule jamaa mtafute mkiwa wawili tu, umwambie siku ile uliniuliza kama mimi ni mlokole nikakujibu hapana, nilikuogopa, ukweli ni kwamba mimi ni wa Yesu. Huhitaji kuhubiri wala kubishana naye, na kama akicheka mwache acheke. Akikuuliza maswali usiyoyajua mwambie utamtafutia majibu, na sisi tuandikie.